HESABU YA WAFU: FUNZO LA MAFUA YA MWAKA 1918



Kila mwaka tusomapo orodha ya marehemu katika taarifa hii, husikika wengine wakisema kwamba tawi fulani limepatwa na msiba mkubwa kuliko jingine. Kabla ya kusema hivyo tena, yafaa tutazame jinsi nchi mbalimbali zilivyohesabu wafu wao katika homa kuu ya mafua ya mwaka 1918, iliyoizunguka dunia wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikimalizika.

Katika Marekani walikufa watu wapatao 675,000. Katika visiwa vya Samoa Magharibi, vilivyokuwa chini ya New Zealand, walikufa wapatao 8,500. Atazamaye tarakimu peke yake atailia Marekani. Lakini Marekani ilikuwa na watu zaidi ya milioni 100, hata waliokufa hawakufika mtu mmoja katika kila 100. Samoa Magharibi ilikuwa na watu wapatao 38,000 tu. Katika kila 100 walizikwa zaidi ya 20. Basi funzo la kwanza ni hili: usihesabu makaburi pasipo kuwahesabu walio hai.

Jirani yake, Samoa ya Marekani, haikupoteza hata mtu mmoja kwa maradhi hayo, ingawa watu wake ni wa asili moja na lugha moja na wenzao. Tofauti ilitokana na bandari. Tarehe 7 Novemba 1918 meli Talune, iliyotoka Auckland, iliruhusiwa kuteremsha abiria Apia hali wagonjwa wamo ndani. Upande wa pili, Gavana John Poyer alizizuia meli, na wenyeji wakalinda pwani yao. Hesabu ikilinganishwa vema, huonyesha kosa lilitendeka wapi.

Funzo la pili latuhusu sisi. Wataalamu hukadiria kwamba Kenya ilipoteza watu wapatao 150,000, lakini hayo ni makadirio. Hesabu kamili ya kwanza ya Waafrika wa Kenya ilifanywa mwaka 1948, miaka 30 baadaye. Mwaka 1918 kifo cha Mzungu kilikuwa na daftari lake. Kifo cha mama aliyezikwa kijijini hakikuwa nalo. Tena njaa ilikuwa imeingia sehemu nyingi, na vijana waliochukuliwa Kariakoo kubeba mizigo ya vita walikuwa wakifa kwa maradhi mengine. Nani angeweza kutenga kifo na kifo?

Kwa hiyo nchi yenye madaftari mazuri yaweza kuonekana imeumia kuliko isiyo nayo. Wakati wa korona, mwishoni mwa Mei 2021, nchi ya Peru ilisahihisha hesabu yake kutoka watu 69,000 na kitu hadi zaidi ya 180,000. Wafu hao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Walikuwa hawajahesabiwa tu.

Sasa turudi kwenye orodha yetu. Tawi lenye majina mengi pengine ndilo lenye katibu mwangalifu, au ndilo lenye watu wengi zaidi. Watoto wachanga, na wazee walioshindwa kulipa ada, aghalabu hawaingii kitabuni kwa sababu hapana fedha za mazishi zilizotolewa kwa ajili yao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao hupotea vivyo hivyo.

Twaliomba kila tawi liandike kila kifo, cha mwanachama na cha asiye mwanachama: jina, umri, mahali, tarehe na maradhi; liandike pia idadi ya watu walio hai katika kila nyumba. Kisha jamaa wasaidiwe kupeleka habari kwa naibu wa chifu wapate cheti cha kifo, kwani mjane asiye na cheti hupata taabu kubwa kudai haki zake. Wale wa mwaka 1918 hatuwezi tena kuwaandika. Wa mwaka huu twaweza.