Ukumbusho: Historia Iliyotundikwa Sebuleni Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi, ulioanzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ulikua kwa shaba, na wafanyakazi walioletwa kutoka pande nyingi za Kongo na nchi jirani kuitumikia kampuni ya Union Minière waliishia kuelewana kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilistawi miongoni mwao sanaa ya picha zilizochorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga, ambazo wachoraji walizitembeza mitaani na wafanyakazi wakazinunua ili kuzitundika sebuleni.

Picha hizo ziliitwa ukumbusho, yaani kitu kinachomrudisha mtazamaji kwenye mambo yaliyompata yeye au wazazi wake. Mojawapo ya zilizopendwa mno ni "Colonie belge", yaani Koloni la Ubelgiji, inayomwonyesha askari mweusi akimchapa viboko mfungwa aliyelazwa kifudifudi huku ofisa wa Kibelgiji akitazama. Aliyeinunua hakutafuta pambo tu, kwani mgeni alipoketi, picha ilizua mazungumzo, na mwenye nyumba akapata kusimulia yale ambayo shule za wakoloni ziliyanyamazia.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, aliifikisha sanaa hii mbali zaidi. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huo, mfululizo wa picha zipatazo 100 zinazoeleza historia ya nchi nzima, na akazifafanua kwa Kiswahili cha Katanga, eneo ulipo mji huo, mbele ya kinasa sauti. Kiini cha mfululizo huo ni Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, ambaye kifo chake kinahusishwa na misalaba mitatu, kwa mfano wa mateso ya Kristo. Ulikuwa ujasiri mkubwa, kwa kuwa aliyetawala wakati huo ni Rais Mobutu, ambaye alishiriki kumwangusha Lumumba na kisha, mwaka 1966, akamtangaza shujaa wa taifa.

Uchumi ulipodorora, wanunuzi wa mitaani walipungua. Mfululizo wa Tshibumba sasa umehifadhiwa Amsterdam. Maelezo ya mchoraji yalitolewa kitabuni mwaka 1996 kwa tafsiri ya Kiingereza, ingawa yalitamkwa kwa Kiswahili.