Kasumba ya Mwilini

Neno kasumba tumelizoea kwa maana ya mawazo mabovu tuliyoachiwa na mkoloni. Maana yake ya asili ni afyuni, utomvu wa mmea unaolewesha na kutuliza maumivu. Kwa miaka mingi wataalamu walijiuliza: kwa nini ubongo wa binadamu uukubali utomvu huo?

Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, huko Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba ubongoni mna vipokezi ambavyo dawa za jamii ya afyuni huingia kama ufunguo katika kufuli. Lakini hakuna awekaye kufuli mlangoni kwa ajili ya mgeni. Mwenye nyumba lazima awe na ufunguo wake. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, waliupata katika ubongo wa nguruwe: kemikali mbili, kila moja ya asidi-amino tano tu, wakaziita enkefalini. Mwaka 1976 Choh Hao Li akaeleza endofini kutoka tezi ya ngamia. Kemikali hizi zikishika kipokezi, neva hupunguza kupeleka habari za maumivu.

Sisi Wasukuma tumelima kwa ngoma tangu zamani, majembe yakishuka kwa pamoja. Watafiti wa Oxford walichapisha mwaka 2010 kwamba wapiga makasia walistahimili maumivu zaidi baada ya kupiga kasia pamoja kuliko kila mtu peke yake, japo kazi ilikuwa ileile. Walidhani sababu ni endofini. Wazee wetu hawakulijua jina hilo, lakini ngoma waliijua.

Hata hivyo neema hii ina hatari yake. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Kandokando wachimbaji wadogo hushuka maduarani kwa kamba. Mtu aliyepigwa na jiwe huweza kupanda mwenyewe huku amevunjika mfupa. Wenzake humsifu kuwa ni mwanamume, naye hurudi kazini. Enkefalini haidumu; mwili huivunjavunja upesi. Usiku maumivu huja, na jeraha limekwisha kuwa baya.

Chuoni niliwaambia walimu wanafunzi: mtoto akianguka uwanjani asilie, mkague kwanza, msifu baadaye. Maumivu ni mjumbe. Mwili humzuia kwa muda ili mtu apate kujiokoa, ila habari aliyoibeba ni ya kweli. Kumpima majeruhi kwa kilio chake, hiyo nayo ni kasumba.