Pamba ya Kisesa na ile amri ya "onyesha njia"

Nani hajawahi kukatwa maksi kwa kuandika jibu sahihi bila kuonyesha njia? Mwalimu anakuchorea mstari mwekundu, wewe unanung'unika: jibu si ndilo hilo hilo? Najua somo lenyewe halina marafiki. Mwaka 2022 waliofaulu Hisabati kidato cha nne walikuwa kama mmoja tu kati ya watano. Hata hivyo leo nataka kuwatetea walimu wa hesabu, na shahidi wangu ni mkulima wa pamba wa Usukumani.

Kwa wale ambao hawajafika huku, Kisesa ipo wilayani Magu, ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Wengi wanaijua kwa Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora na kwa ngoma za Bulabo za mwezi wa sita. Majira hayo hayo ndiyo ya kuuza pamba.

Sasa turudi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambulia pamba wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Mzani ni wao, kalamu ni yao, mkulima anatajiwa jumla tu. Na wengi wa wakulima hawakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Hebu tufanye hesabu yenyewe, namba nimezitunga mimi. Mzigo mzima una ratili 118. Gunia tupu ni ratili 4. Kwa hiyo pamba ni 118 toa 4, sawa na ratili 114. Ni pamba safi, bei senti 50 kwa ratili. 114 mara 50 ni senti 5,700, yaani shilingi 57.

Sasa karani asome 108 badala ya 118. Atatoa 4, atabaki na 104, atazidisha kwa 50 na kumlipa mzee shilingi 52. Shilingi tano zimekwenda, na katika kutoa na kuzidisha hakuna kosa hata moja! Au asome mzani vizuri lakini akate ratili 9 za gunia: zinabaki 109, malipo shilingi 54 na senti 50. Au aiite pamba safi kuwa ni fifi, bei ishuke. Au akosee kuzidisha, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Hatua nne, na kila moja ni mlango wa mwizi. Mwenye kupewa jumla peke yake atajuaje kaibiwa kwa mlango upi?

Wakulima walianzia mlango wa kwanza. Waliweka watu wao wa kupima pamba, ili mtu afike kwa mnunuzi akiwa tayari anajua uzito wake. Paul Bomani, aliyekuwa akiongoza ushirika wa wafanyabiashara Waafrika pale Mwanza, aliunganisha malalamiko hayo kuwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952. Mwaka 1955 ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na kabla ya Uhuru ushirika huo ulikuwa umeishika biashara ya pamba ya jimbo zima. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha. Kutoka kugombea mzani wa kijijini hadi kushika hazina ya nchi!

Lakini hapa ndipo wanaosifia ushirika huwa wanapita haraka. Mzani ulikuwa umebadilisha mwenyewe tu. Mkulima bado alitajiwa jumla, safari hii na karani wa chama chake mwenyewe. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika, nayo ikakuta wizi, ubadhirifu na uongozi mbovu.

Ndiyo maana kwangu mimi tukio kubwa zaidi ni la mwaka 1968, ingawa halisimuliwi sana. Serikali na UNESCO walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, makao makuu Mwanza, ukaendelea hadi 1972. Watu wazima walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kutumia kazi zao wenyewe: pamba, ndizi, uvuvi, ng'ombe. Hesabu yao haikuwa ya maembe ya Juma na Asha. Ilikuwa ya gunia lake mwenyewe, alilolibeba kichwani.

Katika upimaji wa nchi nzima wa mwaka 1975, hatua ya juu kabisa ilimtaka mtu aweze kutunza kumbukumbu na hesabu zake ndogo ndogo. Mwaka uliofuata, 1976, serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika na pamba ikawa inanunuliwa na mamlaka ya umma. Mzee wa Kisesa aliyekuwa ametoka kujifunza kukagua stakabadhi alikuwa na swali lake mkononi, hatua kwa hatua, lakini chama cha kwenda kukiuliza kilikuwa kimeondoka. Vyama vilirudishwa miaka ya 1980.