Kifo cha huruma: neno la kusemwa mezani kwa daktari wa mifugo

Mbwa amegongwa na pikipiki, uti wa mgongo umevunjika. Daktari wa mifugo anamgeukia mwenye mbwa na kusema kwa upole, "Mama, naona bora tumlaze." Mama anajibu, "Haya daktari, mlaze tu, kesho nitakuja kumwona." Wameitikiana, lakini kila mmoja ana jambo lake kichwani. Daktari ametafsiri msemo wa Kiingereza, "put to sleep", ambao Waingereza wenyewe wanauelewa. Kwa Kiswahili aliyelazwa ni mgonjwa wa wodini, anayetarajiwa kurudi nyumbani.

"Sindano ya usingizi" nayo haisaidii. Hiyo ni nusukaputi, anayopigwa paka anapofungwa kizazi, na baada ya saa chache anaamka akiyumbayumba na kutafuta maziwa.

Kitaalamu jambo hili huitwa yuthanasia: kumwondolea mnyama uhai kwa makusudi, bila maumivu wala hofu, kwa kuwa kilichobaki katika maisha yake ni mateso yasiyo na tiba. Neno ni la Kigiriki, limeungwa kwa "eu", yaani vizuri, na "thanatos", kifo. Mwandishi wa Kirumi Suetonius alilitumia alipoeleza kifo cha Kaisari Augusto, aliyefariki mwaka 14 mjini Nola: kifo cha haraka, kisicho na maumivu, kama alivyojiombea mwenyewe. Hapakuwa na daktari aliyemsaidia kufa. Mwanzoni mwa karne ya 17 Mwingereza Francis Bacon alilitia neno hilo mikononi mwa matabibu, akiwataka wampunguzie uchungu mtu anayekata roho. Maana ya leo, ya kukatisha uhai wenyewe, ilishika baadaye.

Tukilifasiri Kigiriki kipande kwa kipande tutapata "kifo chema" au "mwisho mwema". Lakini mwisho mwema kwetu tayari ni dua. Tunaombeana mwisho mwema tukiwa na maana ya imani na toba, na sidhani kuna shehe au padri atakayekubali dua hiyo ishuke hadi kwenye bomba la sindano.

Wako wanaoandika "uuaji wa huruma", na hata "mauaji ya huruma". Mauaji ni neno la polisi na mahakama, na mtu aliyempenda paka wake miaka kumi hastahili kubebeshwa neno hilo mlangoni anapotoka akilia. "Kufisha" ni kitenzi safi, kimo kamusini, nami kwa muda mrefu nilikipendelea. Tatizo lake ni kwamba kwa waumini wengi kuhuisha na kufisha ni kazi za Mwenyezi Mungu. Daktari akisema "nitamfisha", kuna atakayesikia kufuru.

Limebaki "kifo cha huruma", ambalo magazeti yamekwisha kulizoea. Nalikubali, ila si bila manung'uniko. Kifo hakisemi nani anatenda, na huruma inaeleza moyo wa mtendaji, si hali ya anayetendewa. Moyo unaweza kudanganya. Ujerumani ya Hitler ilitumia neno la namna hiyohiyo, Gnadentod, yaani kifo cha rehema, katika waraka uliowekwa tarehe 1 Septemba 1939, na chini ya mwavuli wake wakauawa maelfu kwa maelfu ya watu wenye ulemavu na wagonjwa wa akili. Kwa hiyo neno huruma halitoshi. Lazima tuulize huruma kwa nani. Mbwa mzima wa afya anayeondolewa kwa kuwa mwenyewe anahama nyumba hapati kifo cha huruma. Wala mbwa koko wanaotegeshewa nyama yenye strikinini hawakipati: sumu ile huwakaza misuli na kuwatetemesha wakiwa na fahamu zao zote.

Jambo la ajabu ni kwamba kwa ng'ombe na mbuzi hatujawahi kukosa la kusema. Ng'ombe akivunjika vibaya, mtu hukimbilia kisu: achinjwe kabla hajawa kibudu. Neno hilo moja, kuchinja, limebeba dini, chakula na haraka ya kumaliza mateso, na mafundisho ya kunoa kisu vizuri yanajulikana na kila mchinjaji. Nyama ya mbwa na paka hailiwi, kwa hiyo hakuna kibudu cha kuogopwa wala kisu cha kukimbilia. Wakiumia huachwa pembeni mwa ua, na watu husema "tumwachie Mungu". Siku tatu za kumwachia Mungu ni ndefu kwa mwenye nyonga iliyosagika.

Basi daktari afanye nini kabla neno halijatamkwa? Kwanza atulize maumivu na kutibu mshtuko wa mwili, maana mnyama mwenye ufizi mweupe na pumzi fupi huonekana wa kufa hata kama majeraha yanatibika. Mbwa huishi vizuri kwa miguu mitatu, na nyonga ya paka iliyovunjika mara nyingi huunga kwa kumweka kizimbani wiki kadhaa. Uti wa mgongo ni habari nyingine. Daktari hukibana kidole cha mguu kwa koleo kwa nguvu. Mguu kujivuta tu si dalili ya hisia. Anachotafuta ni mbwa ageuze kichwa, alie au ajaribu kung'ata. Asipofanya hivyo, na mfupa wa mgongo umevunjika na kuhama, tumaini la kutembea tena ni dogo sana. Daktari wa Marekani Alice Villalobos alitunga mwaka 2004 kipimo cha mambo saba, kuanzia maumivu, kula na kunywa hadi siku njema kuzidi mbaya, kila jambo likipewa alama 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35 mnyama bado ana maisha ya kuridhisha. Kinafaa zaidi kwa ugonjwa wa muda mrefu kuliko usiku wa ajali.

Ikiamuliwa, dawa ya kawaida ni pentobabito, inayotiwa kwenye mshipa kwa kipimo kikubwa. Fahamu hupotea ndani ya sekunde chache, kisha pumzi husimama, kisha moyo. Macho hubaki wazi, misuli yaweza kushtuka, mkojo ukatoka, hata pumzi moja au mbili zikavutwa. Asiyeambiwa mapema hudhani ni sakarati, naye huondoka na kumbukumbu isiyo ya kweli. Mwili uzikwe shimo refu au uchomwe, kwani dawa hubaki ndani yake na huweza kumuua mbwa au tai atakayeula.

Kwenye makala na vitabu, basi, tuandike kifo cha huruma. Mezani istilahi haitoshi, inatakiwa sentensi nzima: "Mama, nitampiga sindano, atapoteza fahamu, kisha atakufa, hataamka." Nawaomba madaktari wa mifugo waandike fomu zao za ridhaa kwa Kiswahili, na kitenzi "kufa" kiwemo kabla ya mahali pa kutia sahihi.