Mgongo wa Mwuguzi: Habari za Asili ya Mashine ya Kunyanyulia Wagonjwa

Katika vitabu vinavyosimulia maendeleo ya tiba, sifa kubwa aghalabu hupewa daktari aliyevumbua dawa au mpasuaji aliyethubutu kutia kisu pasipowahi kutiwa kisu, na ni haki wapewe sifa hiyo. Lakini kuna kazi iliyo kongwe kuliko zote hizo, nayo ni kazi ya kumtoa kitandani mtu asiyejiweza, kumkalisha kitini, kumfikisha msalani, kumwogesha na kumrejesha malazini pake, ambayo haikupata waandishi wa kuitukuza, kwa kuwa waliokuwa wakiifanya ni watu wasiotajwa majina: mama mzazi, binti wa nyumbani, mtumishi, na mwuguzi wa zamu ya usiku. Kwetu pwani, mgonjwa akizidiwa, majirani waliitana, wanaume wanne wakashika pembe nne za kitanda cha kamba au wakamtia katika machela, na safari ikawa nyepesi kwa wingi wa mikono. Ila majirani wakishaondoka, na ugonjwa ukiwa si wa siku mbili bali wa miaka, uzito wote wa yule mgonjwa uliubakia mgongo mmoja, na aghalabu ulikuwa mgongo wa mwanamke.

Cha kustaajabisha ni kwamba maarifa ya kuinua mizigo mizito bila kuumia yalikuwako tangu zama za kale. Mabaharia waliyajua makapi na kamba zake, na kwa njia hiyo walitweka foromali ambayo mikono mitupu isingeliweza kuitweka. Na mwaka 1795 fundi mmoja wa London, Joseph Bramah, alipata hataza ya mtambo wa kugandamiza kwa nguvu ya maji, akiitumia kanuni aliyoieleza Blaise Pascal karne moja na nusu kabla yake, ya kuwa msukumo unaotiwa katika maji yaliyofungiwa chomboni huenea kwa kadiri moja pande zote, hata nguvu ndogo ya mkono huweza kuzaa nguvu kubwa ya kuinua. Farasi wa jeshi walipandishwa merikebuni kwa mikanda mipana iliyopitishwa chini ya matumbo yao, wakaning'inia hewani na kutuliwa sitahani kwa salama. Hivyo mnyama alinyanyuliwa kwa mtambo muda mrefu kabla ya binadamu mgonjwa kupata mtambo wake, na jambo hili linataka maelezo.

Maelezo yenyewe, kwa maoni yangu, ni ya huzuni. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo akapooza hakuwa akiishi muda wa kutosha hata watu wakamfikiria chombo cha kumbeba. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari waliopata jeraha la namna hiyo walihesabiwa kuwa wamekwisha kufa, ijapokuwa pumzi zilikuwa zingalimo. Vidonda vya kulalia viliwala migongo na makalio, mkojo ukaleta sumu mwilini, na wengi wao wakafa. Jambo lililogeuza mkondo huo ni kufunguliwa kwa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwezi wa Februari mwaka 1944, chini ya daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Wanazi miaka mitano kabla. Guttmann hakukubali kwamba waliopooza wawekwe tu kungoja mauti. Alitoa amri kila mgonjwa ageuzwe ubavu kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na vikosi vya watumishi vikapita kitanda hata kitanda kuitimiza amri hiyo. Wagonjwa wakaishi, wakakaa vitini, na mwaka 1948 wakashindana kwa upinde na mshale katika michezo iliyokuja kuzaa Michezo ya Paralimpiki. Mwaka huo huo wa 1944 ndio ulioanzisha pia hospitali ya majeruhi wa uti wa mgongo ya Nairobi, kwa ajili ya askari walioumia vitani, kwa hiyo kadhia ya kuwatunza majeruhi wa vita haikuwa ngeni katika Afrika ya Mashariki hata wakati ule.

Basi hapo ndipo penye chimbuko la hitaji lenyewe. Mtu aliyepooza akijaliwa kuishi miaka thelathini, atahitaji kutolewa kitandani na kurudishwa maelfu na maelfu ya mara, na hakuna mgongo wa binadamu ulioumbwa kwa hesabu hiyo.

Chombo chenyewe hakikutoka kwa profesa wala kwa serikali. Kilitoka katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin huko Marekani, kwa kijana aitwaye Ted Hoyer, ambaye ajali ya barabarani ilimpoozesha mikono na miguu angali mwanafunzi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akibebwa kila siku. Alijua kwapa likivutwa linauma vipi, alijua hofu ya kuhisi mikono ya mbebaji ikianza kutetemeka, na alijua aibu ya kuwachosha awapendao. Katika miaka ya 1940, akishirikiana na binamu yake, alitengeneza mashine iliyotumia kanuni ile ile ya jeki ya gari: chini ina miguu miwili yenye magurudumu madogo, inayopita uvunguni mwa kitanda na kupanuliwa kukizunguka kiti, juu ya miguu umesimama mlingoti wa chuma, kwenye mlingoti umefungwa mkono mrefu unaopanda na kushuka kwa pampu ya mafuta, na kwenye ncha ya mkono huo hutundikwa upau, ambao nao huchukua kitambaa kigumu, kilichoshonwa mfano wa mbeleko, anamokaa mgonjwa. Mlezi mmoja mwenye nguvu za kadiri, akiisukuma ile pampu kwa utuvu, aliweza kumwinua mtu mzima aliyemzidi uzito, na akilegeza skrubu ndogo, mafuta yalirudi polepole na mgonjwa akatua bila kishindo. Kwa Wamarekani wengi jina la Hoyer likawa ndilo jina la chombo chenyewe, hata kilipotengenezwa na wengine. Naona ni insafu kubwa kwamba mvumbuzi huyu akumbukwe kwanza kuwa mgonjwa, kisha ndipo awe fundi, kwa sababu hilo linatufunza chombo kilikusudiwa nani.

Miaka iliyofuata ilikieneza upesi. Maradhi ya polio, ambayo katika mwaka 1952 peke yake yaliwashika Wamarekani zaidi ya 57,000, yalizijaza nyumba watoto na vijana waliohitaji kubebwa. Na huko Sweden, mwaka 1957, Arne Johansson alianzisha katika mji wa Eslöv kampuni ya Arjo, iliyopata sifa kwa vyombo vya kuwaogeshea na kuwanyanyulia wagonjwa. Turubai nzito ikaachia nafasi nyuzi za poliesta. Minyororo na kulabu vikaachia vitanzi vya kitambaa na vibanio. Pampu ya mkono ikafuatwa na mota ya betri. Na reli zikafungwa darini ili mashine isihitaji tena nafasi sakafuni.

Hata hivyo, mahospitalini chombo hiki kilikaa pembeni kwa muda mrefu, kimefunikwa shuka, na sababu haikuwa bei peke yake. Wauguzi walifundishwa kwamba kunyanyua ni ustadi: kunja magoti, nyoosha mgongo, mlete mgonjwa karibu na kifua, hesabuni pamoja, inueni. Aliyeumia aliambiwa kwamba hakukunja magoti sawasawa, na kwa hiyo dhara lake likahesabiwa kuwa kosa lake. Ilizoeleka pia desturi ya wauguzi wawili kumtia mgonjwa mikono chini ya makwapa na kumkokota juu kitandani, desturi iliyoyaumiza mabega ya mgonjwa na viuno vya wauguzi kwa wakati mmoja. Huko Uingereza mwongozo wa kuwashika wagonjwa uliotolewa mwaka 1981 uliifungulia njia lawama dhidi ya mtindo huo, lakini ilichukua miaka mingi kuung'oa, kwa maana kila mwuguzi mkongwe alimrithisha mchanga.

Ilimu ya vipimo ndiyo iliyokuja kuwaondolea wauguzi lawama ile. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini iliweka katika kanuni yake ya mwaka 1991 kwamba mzigo wa kunyanyuliwa kwa mikono, hali zote zikiwa nzuri kabisa, usizidi kilo 23. Na mwaka 2007 mtaalamu Thomas Waters alieleza kwamba kwa mgonjwa kiwango hicho kishushwe hata kufikia takriban kilo 16, kwa kuwa binadamu si sanduku lenye vishikio: hutikisika, hushtuka, humshika mbebaji shingoni, naye mbebaji hujipinda. Katika mwaka 1999 watafiti wa chuo kikuu cha Ohio State walipima mgandamizo unaoingia katika pingili za mgongo wakati wa kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kitini, wakaona kwamba hata wabebaji wakiwa wawili, na hata wakizifuata mbinu walizofundishwa, hatari ingalipo. Basi mtu mzima wa kilo 60 ana namna gani ya kubebwa kwa mikono mitupu, mara nane kwa siku, bila mtu kuumia? Hana.

Sheria zikafuata. Uingereza iliweka mwaka 1992 kanuni zinazomlazimisha mwajiri aepushe kunyanyua kwa mikono kila inapowezekana; chama cha wauguzi cha jimbo la Victoria, Australia, kilitangaza mwaka 1998 msimamo wa kutonyanyua; na Texas likawa jimbo la kwanza la Marekani kuweka sheria ya namna hiyo, mwaka 2005. Ila palipozidi ukali, haki ya mgonjwa ilianza kusahauliwa. Katika wilaya ya East Sussex, kusini mwa Uingereza, madada wawili wenye ulemavu mkubwa, waliokuwa wakilelewa na wazazi wao, waliambiwa kwamba watumishi wa halmashauri hawatawanyanyua kwa mikono. Wazazi wakapinga, na shauri likafika mahakama kuu. Hukumu iliyotolewa mwaka 2003 na jaji Munby ilisema kwamba katazo la jumla lisilo na upambanuzi halikubaliki katika sheria. Kwamba stahi ya mlemavu, mwili wake na hiari yake ni mambo ya kupimwa, na afya ya mtumishi nayo ni ya kupimwa, wala hapana upande ulio na haki ya kuufuta upande wa pili. Nimeisoma habari ya hukumu hiyo kwa heshima kubwa, kwa kuwa iliwakumbusha watu wote kwamba juu ya mbeleko ile amekaa mtu, tena mtu mwenye sauti yake.

Na mtu huyo anaweza kuanguka. Mashine hizi zimewahi kuwaangusha wagonjwa, wakavunjika mifupa, wakaumia vichwa, na wengine wakafa, na kila sharti liandikwalo leo katika kitabu cha mtengenezaji lina ajali nyuma yake. Mbeleko iwe ya kipimo cha mgonjwa huyo wala si cha jirani yake, kwa maana iliyo kubwa humteremsha kupitia pengo lake na iliyo ndogo humbana. Iwe pia imethibitishwa kuwa yaafikiana na mashine hiyo, maadamu vitanzi vya mtengenezaji mmoja huweza kuchopoka katika kulabu za mwingine. Kama uzito unaoruhusiwa kwenye mbeleko na ule wa mashine unatofautiana, ifuatwe ile namba ndogo. Miguu ya mashine ipanuliwe kabisa kabla ya kuinua. Kiti au kitanda kinachompokea mgonjwa kitiwe breki, lakini magurudumu ya mashine yenyewe, kwa maelekezo ya watengenezaji wengi, huachwa huru wakati wa kuinua ili ijiweke yenyewe sawa na uzito. Wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba kukaza kila kitu ndiyo hadhari. Mgonjwa aelezwe kinachotaka kutendeka, ainuliwe kwanza sentimita chache tu, wasimame, watazame vitanzi vyote na uso wake, kisha ndipo waendelee; na asiachwe akining'inia, hata kwa kitambo cha kuitikia hodi mlangoni.

Utunzaji wa chombo nao una sheria yake. Kanuni za Uingereza za mwaka 1998 zinataka kila chombo cha kunyanyulia watu kazini, pamoja na mbeleko zake, kikaguliwe kwa ukamilifu na mtu mwenye ujuzi kila baada ya miezi sita. Baina ya ukaguzi na ukaguzi, macho ya mlezi ndiyo dhamana: atazame mishono iliyofumuka, kitambaa kilichochakaa, lebo iliyofutika namba zake, skrubu iliyolegea, mafuta yanayovuja chini ya pampu, betri isiyojaa; naye ajue mapema jinsi ya kumshusha mgonjwa kwa dharura endapo umeme utakatika. Mbeleko isifuliwe kwa dawa ya kung'arishia wala kukaushwa kwa joto kali, kwa kuwa hudhoofika nyuzi zake huku sura yake ikibaki njema, na hakuna udhaifu mbaya kuliko ule usioonekana.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunavipokea vyombo hivi kwa uchache, mara nyingine vikiwa vimekwisha kutumika ughaibuni, na nyumba nyingi zingali zinamtegemea binti mmoja na kiuno chake. Kwa hiyo nawaomba wale watoao misaada, na waganga wakuu wa hospitali, na jamaa walio ng'ambo wanaowanunulia wazazi wao, kwamba wasiikabidhi mashine ya kunyanyulia bila mbeleko zinazoiafiki, bila kitabu cha maelekezo kilichofasiriwa kwa Kiswahili, na bila kumtaja kwa jina fundi atakayeikagua kila baada ya miezi sita. Na hao watakaoitumia wafundishwe kwanza kwa kulala wao wenyewe katika ile mbeleko na kuinuliwa, kabla hawajamweka mgonjwa.