Matatu, Boti na Hewa Tunayovuta

Kisiwani kwetu Ndau chombo cha abiria ni boti, na moshi wake upepo huuchukua upesi. Mombasa si hivyo. Ukipita Mwembe Tayari jioni utakuta matatu, tuktuk na bodaboda zimebanana, injini zanguruma bila kwenda mbele. Mgonjwa wetu wa pumu aliyesafirishwa kwa matibabu husubiri gari papo hapo, katika moshi huo huo.

Kinachodhuru zaidi humo ni masizi laini: chembe zisizozidi maikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele karibu mara 30. Huteremka hadi ndani kabisa ya mapafu, nyengine zikaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa.

Usafiri wa umma waingia wapi? Hesabu ni nyepesi. Abiria 14 wa matatu moja, kila mtu akija na gari lake, ni magari 14 barabarani. Magari yakipungua foleni hupungua, na moshi nao hupungua. Dar es Salaam walianza Mwendokasi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni: mabasi makubwa, njia yao pekee. Nairobi nako mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022.

Lakini kujaza watu pekee hakutoshi. Basi kuukuu la dizeli lisilotengenezwa laweza kutoa masizi kushinda magari mapya kadhaa. Kenya ilishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Mafuta yalisafika, ila injini mbovu haiponi kwa mafuta mazuri.

Nasi visiwani tusijitoe. Mashine za boti za mipigo miwili huchoma petroli iliyochanganywa na oili, na sehemu yake hutoka bila kuungua, ikaishia hewani na baharini tunakovua. Za mipigo minne huchafua kidogo zaidi.

Rai yangu: kaunti zikague moshi wa magari ya abiria kama zinavyokagua leseni, nasi tupande boti moja kwenda Lamu badala ya tatu zenye watu wawili wawili, bila kupita kiwango cha abiria. Haba na haba hujaza kibaba, na moshi pia ni haba na haba.