Kwa nini Babu abaki kulinda mizigo?



Jumatatu ya Pasaka nilikuwa ufukweni hapa Dar es Salaam, kama walivyokuwa maelfu ya wakazi wa jiji hili. Karibu yangu ikasimama Hiace ya kukodi, wakateremka watu wa ukoo mmoja. Vijana walishusha sufuria la pilau, kreti za soda, mikeka na mpira. Mwisho wakamshusha mzee wao, na nyuma yake kiti chake cha magurudumu.

Walimsukuma vizuri hadi pale lami inapoishia. Hatua ya kwanza mchangani, yale magurudumu madogo ya mbele yakazama, na kiti kikataka kummwaga mzee kifudifudi. Wakajaribu kukivuta kinyumenyume, wakatokwa jasho, wakachoka. Basi wakamrudisha chini ya mkungu. Mjukuu mmoja akasema kwa heshima zote, "Babu, wewe tusubiri hapa, utuangalizie mizigo."

Mzee akakaa pale hadi alasiri, akilinda viatu na simu za wajukuu zake, huku bahari akiiona kwa mbali.

Sina lawama kwa vijana wale. Walimpenda mzee wao, ndiyo maana hawakumwacha nyumbani. Kilichowaangusha ni kiti. Na kiti kile, ndugu msikilizaji, kina historia yake, ambayo ningependa tuitazame wiki hii.

Mwaka 1655, katika mji wa Altdorf karibu na Nuremberg, Ujerumani, fundi saa aitwaye Stephan Farffler alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu alichokiendesha kwa kuzungusha vishikio kwa mikono. Farffler hakuweza kutumia miguu yake. Alijua anachokitaka, nacho kilikuwa ni kutoka nje ya nyumba bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo tukumbuke kwamba miongoni mwa mafundi wa mwanzo kabisa wa vyombo hivi alikuwamo mtumiaji mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, nchini Marekani, Herbert Everest, aliyeumia mgongo katika ajali ya mgodini, na rafiki yake Harry Jennings, ambaye alikuwa injinia, walitengeneza kiti chepesi cha mabomba ya chuma kinachokunjika na kuingia ndani ya gari. Ulikuwa ni ukombozi mkubwa kwa mtu wa mjini. Lakini kiti hicho kilikusudiwa sakafu ya saruji, korido na barabara ya lami. Magurudumu yake ya mbele ni madogo na yamekaa karibu na miguu ya aliyeketi, hivyo sehemu kubwa ya uzito huyaangukia. Kwenye sakafu hugeuka kwa wepesi sana. Kwenye mchanga, matope au kokoto huchimba chini kama jembe.

Kiti cha namna hiyo ndicho kilichoenea duniani, kikawa ndicho kiti cha hospitali, na ndicho tulichopelekewa mara nyingi kama msaada. Tulipokea kwa shukrani, maana aliyepewa hachagui. Ila wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliokitengeneza hawakuijua njia ya kwenda kisimani.

Mabadiliko yalianza pale walioketi kwenye viti walipoingia tena karakana. Mmarekani Ralf Hotchkiss alipooza mwaka 1966 baada ya ajali ya pikipiki. Mwaka 1980 alifika Nikaragua na kukuta vijana wanne wakitumia kiti kimoja kwa zamu. Badala ya kurudi kwao na kutuma shehena ya viti, alishirikiana na vijana hao kutengeneza viti kwa vyuma vinavyopatikana madukani kwao. Kazi hiyo ikaenea nchi nyingi, nayo ikawa ya kupeana ujuzi, si ya upande mmoja kufundisha na mwingine kusikiliza. Mafundi wa Zimbabwe, kwa mfano, walichangia gurudumu la mbele lililo pana, la mpira mtupu, lisilozama wala kupata pancha. Hadi leo mafundi wa viti duniani huliita gurudumu la Zimbabwe.

Huko Ufaransa mambo yalianza kwa sababu ya undugu. Mwaka 1987 Joël Claudel, mtu wa kuongoza watembezi milimani, alikuwa na mpwa wake mgonjwa wa misuli ambaye hakuweza tena kufuatana na familia. Akabuni kiti chenye gurudumu moja tu katikati na vishikio mbele na nyuma. Watu wawili hushika, mmoja akivuta na mwingine akisawazisha, na mgonjwa hupita katika vijia vya mlimani pamoja na wenzake. Kiliitwa Joëlette, kwa jina la mwenyewe.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi kilianzia hapa kwetu. Mwaka 2005 mwanafunzi wa uhandisi kutoka chuo cha MIT cha Marekani, Amos Winter, alikuja Tanzania kuangalia hali ya viti vya magurudumu. Alikuta watu wamebanwa kati ya vyombo viwili. Kiti cha kawaida kiliingia ndani ya nyumba, lakini hakikufika shambani. Baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono ilifika mbali, lakini ilikuwa kubwa na nzito, haikupita mlangoni. Mtu alihitaji vyote viwili, na uwezo wa kununua hata kimoja hakuwa nao.

Winter na wenzake wakabuni kiti chenye magurudumu mawili ya baiskeli nyuma, na gurudumu moja lililotangulia mbele sana, ili uzito usikae juu yake. Kando ya mikono waliweka mitaimbo miwili, inayozungusha magurudumu kwa mnyororo wa baiskeli. Ukishika mtaimbo juu, unapata nguvu ya kupanda kilima au kujinasua mchangani. Ukiushika chini, unapata mwendo wa kasi kwenye njia nzuri. Hakuna gia za kuharibika, kwa kuwa mkono wenyewe ndio gia. Ukifika nyumbani unaichomoa mitaimbo hiyo, nacho kinakuwa kiti cha kawaida. Na kikivunjika, fundi baiskeli yeyote chini ya mwembe anakitengeneza.

Mwaka 2009 walikileta Afrika Mashariki kujaribiwa. Waliokikalia hawakuwaonea haya wageni wao. Walisema kinakwenda vizuri njiani, ila ndani ya nyumba ni kipana mno na kizito mno. Wabunifu walirudi mezani, wakakipunguza, wakakijaribu tena Guatemala na India. Shabaha ilikuwa bei ya dola kama 200.

Na hapa, ndugu msikilizaji, historia inageuka. Wamarekani walipokiona kiti hicho walikitaka na wao. Wengi wao wana lami hadi mlangoni, lakini walitaka kwenda ufukweni, msituni na kambini pamoja na watoto wao. Mwaka 2012 ikaundwa kampuni, kiti kikaboreshwa kwa ajili ya soko hilo, na kikauzwa kwa dola zipatazo 3,000 na zaidi. Jimbo la Colorado nalo, kuanzia mwaka 2017, liliweka katika hifadhi ya Staunton viti vya umeme vyenye minyororo kama ya buldoza, ili mgeni mwenye ulemavu aazime na kupanda mlima na familia yake.

Sisemi hayo kwa husuda. Nasema kwamba mchanga wetu na matope yetu ndiyo yaliyowafundisha wabunifu wale, na watu wetu ndio waliowakosoa. Matunda yakavunwa mbali, na mzee wetu bado yuko chini ya mkungu.

Wapo watakaosema matembezi ni anasa, tutafute kwanza viti vya kwenda hospitali na shuleni. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini gurudumu linalopita mchanga wa ufukweni ndilo lipitalo mchanga wa njia ya shule na ya zahanati. Isitoshe, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara yake ya 30 unataja mapumziko, burudani na michezo kuwa ni haki. Hakuna mahali uliposema haki hiyo isubiri zamu yake.

Wala si lazima mtu awe shujaa. Bernard Goosen wa Afrika Kusini alifika kilele cha Kilimanjaro kwa kiti cha magurudumu mwaka 2003, akarudia mwaka 2007. Tunampa heshima yake. Mzee wangu wa Pasaka hakutaka kilele. Alitaka maji ya chumvi yamguse miguu, na wajukuu wamcheke.

Basi nini kifanyike? Tunapochangishana kumnunulia ndugu kiti, tumuulize kwanza yeye anakwenda wapi na njia yake ikoje. Wanaotoza kiingilio kwenye fukwe na bustani waweke japo kiti kimoja cha kuazima chenye magurudumu mapana. Na mafundi wetu wa baiskeli na wa kuchomelea, ambao hawashindwi na kitu, wapewe mchoro na kazi.

Hujafa hujaumbika, ndugu msikilizaji. Kiti tunachomtafutia Babu leo, huenda kesho kikatufaa wewe na mimi. Tukutane wiki ijayo.